Jiwe la Marehemu Lililokataa Kuzama

Kijiwe chetu ni benchi moja refu kati ya kinyozi na fundi baiskeli, na mbele yake jiko la mkaa la muuza kahawa. Kinyozi tunamwita Profesa, kwa kuwa kila jambo ana maelezo yake. Fundi tunamwita Spoku. Mimi wananiita Mzee Sala, maana wakati wa ibada ukifika huwa nanyanyuka hata mazungumzo yakiwa yamenoga. Jumamosi ile asubuhi nilifika na mjukuu wangu wa kike wa kidato cha kwanza, nimebeba jiwe nililolifunga kwenye leso. Ni jiwe alilosugulia miguu marehemu mke wangu. Mwalimu wa fizikia aliwaagiza wanafunzi walete kitu kigumu kutoka nyumbani, wapime densiti yake. Jiwe halikuingia kwenye silinda ya kupimia, mwalimu akasema Jumatatu litavunjwa vipande. Nilitaka wenzangu wanitafutie njia nyingine.

– Densiti ndiyo mdudu gani? akauliza Spoku.

– Ni gramu ngapi zimeshindiliwa kwenye nafasi ya kitu, mjukuu akamjibu. Gramu tulishapima shuleni, mia na ishirini. Imebaki nafasi. Unazamisha kitu majini, maji yanayosogea ndiyo nafasi yake.

– Basi kazi ndogo, akasema Profesa. Jaza sufuria pomoni, tumbukiza jiwe, maji yatakayomwagika yakinge upime. Nimewafundisha wengi hiyo.

– Uliwafundishia wapi, na shule uliishia getini? akauliza Spoku.

Muuza kahawa akaweka sufuria ndani ya beseni kavu, akaijaza hadi ukingoni. Nikafungua leso. Nikaliweka jiwe majini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Likaelea.

Kikombe cha Spoku kilibaki hewani. Niliishi na jiwe lile nyumba moja miaka thelathini na miwili, sikujua.

– Mzee Sala, hilo ni jiwe kweli? akauliza muuza kahawa.

– Nililinunua mwenyewe, tulipooana.

– Basi ni la mwezini, akasema Profesa. Mawe ya kule hayana uzito, ndiyo maana mwezi hauanguki.

– Sasa huku lilifikaje? akauliza Spoku.

– Lilianguka.

– Si umesema hayaanguki?

– Lilishuka polepole.

Muuza kahawa akatikisa kichwa.

– Mimi naona uzito wake limeuacha kwenye miguu. Miaka thelathini na miwili ya kusugua, hata wewe Profesa ungekwisha.

– Au marehemu ameondoka nao, akasema Spoku kwa sauti ya chini.

– Hapana, nikasema. Mke wangu hakuwa mtu wa kuchukua kitu bila kuaga.

Wakacheka kidogo, kisha wakatazama chini.

– Lina matundu, babu, akasema mjukuu. Hewa imo ndani. Mwalimu alisema kabla ya kupima gramu lazima liwe kavu kabisa. Nikamwambia hili ni kavu tangu mwezi wa pili.

Mwezi wa pili ndio tuliomzika. Nikatazama kahawa yangu.

– Lakini likielea hatupati nafasi yake yote, akaendelea. Lazima lizame lote.

– Hapo sasa, akasema Profesa. Livunjwe tu, Mzee wangu.

– Halivunjwi, akasema Spoku. Akaingia kibandani, akatoka na spoku ya gurudumu. Shika, binti. Lisukume kwa hii. Kidole usiingize, nacho kina nafasi yake.

Mjukuu akalisukuma hadi likazama lote. Maji yakamwagikia kwenye beseni. Muuza kahawa akayamimina kwenye chupa ya mwanawe ya kunyonyea, yenye alama za mililita.

– Mia mbili kamili, akasoma mjukuu. Mia na ishirini gawanya kwa mia mbili, sifuri nukta sita. Maji ni moja.

– Kwa hiyo maji ni mazito kuliko jiwe, akasema Profesa. Akakaa. Miaka yote hii naosha watu vichwa, wala sijamwonya hata mmoja.

Nikamshukuru Mungu. Hesabu imepatikana, Jumatatu hakuna nyundo. Nikalipangusa jiwe, nikaanza kulifunga.

Wakati huo akaja mama mmoja mshonaji, aliyehamia mtaani wiki ile, na chupa yake ya kununulia kahawa.

– Shikamoo, baba. Hilo si jiwe la kusugulia miguu?

– Marahaba, mwanangu. Ndilo.

– Sasa mbona unalifunga, na visigino vyako vimepasuka hivyo?

Wote wakatazama miguu yangu, kisha wakanitazama mimi. Mjukuu naye alikuwa anangoja nijibu. Fundo la leso nilikuwa nimelifunga nusu.