Karatasi Aliyoivuta Clement

Sikilizeni, wadogo zangu. Hilda, sogea hapa kwenye mwanga. Na wewe Ezekiel, weka simu chini, usiniangalie kama video utakayoirudia baadaye, mimi sirudiwi. Nimekalia kigoda cha baba, ijapokuwa sijafika hata miaka thelathini na ndevu zangu mnaweza kuzihesabu, kwa sababu katika nyumba hii wazee wameisha, mkubwa aliyebaki ni mimi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kesho asubuhi gari linanipeleka kupasuliwa kichwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu watazinyoa zote. Cheka wewe, Hilda, mimi nikicheka kinauma.

Mnanijua: Akonaay, bodaboda namba moja kutoka Endasak hadi Gehandu, hakuna kilima kilichowahi kunishusha, shule niliacha darasa la sita na bado walimu nawabeba mimi. Lakini naogopa. Nimelisema mara moja, msinirudishe hapo. Daktari anasema uvimbe umekaa karibu na mahali maneno yanapokaa, kwamba naweza kuamka nikiwaona vizuri, nikila vizuri, ila herufi zisiseme nami tena. Nilipowaeleza, Ezekiel ukacheka: "Kwani kaka ulikuwa unasoma nini? Leseni?" Mficha maradhi kifo humuumbua, basi na siri hii naitoa leo.

Chini ya kitanda changu, ndani ya gunia la maharage, kuna kitabu. Hakina jalada. Nilikishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, karatasi moja moja, kutoka kwa Bernadina muuza karanga pale kijiweni, aliyenunua rundo la makaratasi ya kufungia, akawa anachana kuanzia mwanzo, asijue kwamba mle ndani kuna mama anayevuka nyika ya chumvi kumtafuta mwanawe. Siku ya kwanza nilinunua karanga kwa njaa tu. Nikasoma karatasi nikingoja abiria, na ukurasa ukaishia yule mama akiwa na mguu mmoja hewani. Nikarudi. Nyingine niliziokota miguuni mwa watu. Bernadina akaniuliza, "Akonaay, wewe ni mtu au panya? Karanga mara tano kwa siku?" Kijiwe kizima kikasema nampenda, nami nikawaacha waseme, nikatembea kifua mbele, maana kijana kupenda msichana ni sifa, lakini bodaboda kupenda karatasi ni kichekesho.

Sasa huyu jirani yetu Clement. Mlisikia nilimpiga kwa ajili ya Bernadina, na wazee walipotukalisha nikakubali hivyo hivyo, wakanitoza pombe ya asali. Niliwadanganya wazee. Ukweli ni kwamba karatasi ya mwisho iliangukia kwenye karanga za Clement, nilifika mbio nikamkuta ameisokotea tumbaku, moshi unamtoka puani, ananiambia, "Nimeisoma kwanza. Tamu kweli. Sikwambii." Nikampiga. Mwaka wa nne huu hatusalimiani, na ni yeye peke yake ninayemjua anayejua mlango ulifunguliwa na nani, maana kitabu changu kinaishia mama amefika, amebisha hodi, na mlango unaanza kusogea.

Najua, Ezekiel, utasema simu ingenimalizia hadithi kwa dakika moja. Nimelala na simu yako wiki tatu hapa, nimeona watu wakicheza, wakianguka, wakipika, na jioni nikitafuta kilichobaki kichwani sikuti hata kimoja. Lakini ule mguu hewani ninao mpaka leo, kwa sababu niliushikilia mwenyewe siku nzima, nikipeleka abiria Basotu na kurudi, nikihofia atauweka wapi. Hakukuwa na mtihani wala cheti. Kilikuwa kitu changu. Na juzi nilipokifungua, herufi zikatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Nikajifunika blanketi, mkadhani nimelala.

Basi. Pikipiki ni ya Hilda. Wewe Ezekiel utaendesha ukiangalia simu, utamaliza mbuzi wa watu. Shamba la juu lisiuzwe, limeni pamoja. Yule ndama mwekundu mpelekeeni Clement, mwambieni kaka ameomba msamaha, haikuwa msichana, ilikuwa karatasi. Kisha asimulie mwisho, na Ezekiel uuandike kwa mkono wako, uushone nyuma. Nikiamka sijui kusoma, nisomeeni kuanzia mwanzo, msirukie mwisho hata nikiwaomba. Nisipoamka, nisomeeni kabla ya udongo. Usilie, Hilda. Nipe maji.

Wazee wetu wakibariki, mmoja husema na waliokaa huitikia. Umri huo sijaufikia, lakini itikieni. Mahindi yenu yajae. Ng'ombe wenu warudi wote. Mlima ukae kimya juu yenu. Nyumba hii isikose mtu wa... wa kusoma. Na mtu akibisha hodi, msimwache nje, mfungulieni hicho... Hilda, kinaitwaje? Cha mbao. Kile pale. Yule mama alisimama mbele yake, nakiona kabisa, jina lake tu ndilo...

Itikieni kwanza. Itikieni.