Kufuli Lililonyamaza

Nilikuwepo. Siku hizi kila mtu mtaani anajidai alikuwepo, na benchi lile ni la watu wanne tu! Mimi nilikaa mwisho kabisa, upande wa mguu mbovu, ambao asiyeujua humwaga kahawa yake na ya jirani. Niliona kwa macho haya. Mbele yetu palikuwa na mlango wa chumba ambamo mafundi wote wa uchochoro ule huacha vyombo vyao vya kazi jioni: nyundo, pampu, mashine. Ufunguo alikuwa nao Pindo, fundi cherehani, kwa sababu duka lake limepakana na chumba hicho na kwa sababu hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Aliuvaa shingoni kwa kipande cha utepe wa kupimia nguo. Kwake ule ulikuwa cheo. Hata mkewe, akitaka kitu, alimwita Bwana Funguo.

Jioni ile Pindo alikuwa amenyoosha miguu, roho yake imetulia, pale Sisemi alipopuliza kikombe chake. Sisemi ni fundi viatu. Jina hilo alipewa na mdomo wake mwenyewe.

— Mimi sisemi kitu, alianza. Sitaki hata kugusia habari ya kufuli.

— Kufuli gani? Pindo akauliza.

— Si nimekwambia sigusii? Kufuli lile, tangu tulinunue, linalia kama mbuzi. Leo asubuhi nimekuja kwako kuchukua ufunguo, nikafungua. Kimya! Hata mkwaruzo. Lakini hayo tuyaache.

Profesa, fundi baiskeli mwenye miwani ya kioo kimoja, alisogea.

— Umefanya vizuri kuyaacha. Maana tukiyafuata itabidi tuulizane nani amelinyamazisha, na sisi si watu wa kuulizana.

— Hatuulizani, Sisemi akaitikia.

— Wala sitaji kwamba chuma hakinyamazi bila mafuta.

Pindo akakaa wima. Chumba kilikuwa dhamana yake, na damu ilimpanda.

— Mafuta? Mtu ametia mafuta kufuli letu? Jamani, huyo ana lake! Mtu mwema hufungua mlango watu wakasikia. Anayetaka ufunguke kimya anataka kuingia sisi tumelala!

— Umesema wewe, Profesa alijibu polepole.

— Na narudia! Huyo asisogezwe karibu na ufunguo, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja!

Sisemi na Profesa walitazamana. Sisemi akakitua kikombe.

— Jina silitaji, hata mkinifunga kamba. Ila kuna watu siku hizi wanafunga duka mapema. Sisemi wanakwenda wapi.

— Nami lile lori silisemi, akadakia Profesa.

— Lori gani tena? Pindo alishtuka.

— Lililosimama pale kona likazima taa. Kama kuna anayedhani lilifuata pampu zangu, hayo ni yake.

— Pampu! Sisemi alicheka. Nani alete lori zima kwa pampu zako zinazovuja? Sitaki kuwatisha, bwana, lakini ile sakafu ukiikanyaga inaitika. Chini kuna kitu. Mimi naishia hapo.

— Chini ya sakafu! Pindo akapiga paja. Ndiyo maana! Leo mafuta, kesho sururu! Huyo anachimba!

Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, na kidole chenyewe akakiona. Ncha ilikuwa nyeusi. Mafuta ya cherehani. Jana jioni alikuwa amepaka mashine yake, na Pindo akishika kikopo cha mafuta hakiachi mpaka kila kinacholia kimepata tone: mkasi, bawaba, hata mnyororo wa baiskeli ya Profesa uliwahi kupata lake. Alipokwenda kufunga chumba, kufuli lililia. Akalitilia tone huku anaimba, akasahau.

Kidole kilibaki hewani. Kisha akakikunja.

— Jamani, alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mafuta nilitia mimi. Nilikuwa napaka cherehani.

— Pindo, ndugu yangu, nani amekutaja? Sisemi aliuliza kwa upole.

— Hakuna, Profesa akasema. Tulikuwa na habari ya mtu fulani tu. Na huyo, wewe mwenyewe umesema asisogezwe karibu na ufunguo.

Pindo alitafuta neno la kukanusha asilione. Akanushe lipi, na hakuna lililosemwa? Alitamani mmoja wao amwite mwizi waziwazi, apate pa kushika. Wao walimtazama kwa huruma. Akauvua utepe shingoni, akauweka ufunguo benchini katikati ya vikombe, na shingo yake ikaonekana nyembamba ghafla.

Hapo akatokea msusi, dada aliyeanza kusuka nywele duka la pili wiki ile ile, na mfuko wake wa vitana.

— Habari za jioni, kaka zangu. Nimeleta mfuko wangu chumbani. Mbona mmenuna?

— Sisi hatusemi kitu, dada, Sisemi alimwambia. Ila chumba kile…

— Kwani kimeibiwa nini?

Profesa akavua miwani, akafuta hata upande usio na kioo. Sisemi akainua birika, lilikuwa tupu. Nyundo zilikuwepo, pampu zilikuwepo, mashine zilikuwepo.

Hayo yote ni kweli tupu, neno kwa neno, isipokuwa moja. Msusi alikuja, ndiyo, akaweka mfuko, akaenda zake. Hakuuliza kitu. Lile swali nimelitia mimi. Lilinijia kesho yake nikinawa uso, nikaona haifai lipotee. Wakati huo ufunguo ulikuwa tayari shingoni kwa Sisemi. Uko huko mpaka leo, kufuli limerudi kulia kama mbuzi, na watu wanasema sasa wanalala vizuri.