Sanduku Halikutoka Nyumbani

Ndugu zangu wa chama chetu cha kuzikana, na nyinyi mama zetu mlioko nyuma ya pazia, mmeniita nieleze nilivyopotea nikarudi. Mmemchagua mtu mbaya, maana kisa changu chenyewe ni cha mtu asiyekumbuka. Nikikosea, kuna mwenye nyumba yangu, mke wangu, huko nyuma ya pazia, yeye atakohoa.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Mmemsikia anavyokohoa? Basi, wa tatu.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na majivuno yangu, nafundisha historia, nawakumbuka wafalme wa nchi ambazo sijapata kuzikanyaga. Siku moja nimebeba ndoo ya maji, nikateleza kwenye ngazi za nyumba yetu pale Mji Mkongwe, nikashuka kwa kichwa. Nilipozinduka, wafalme wote walikuwapo. Wiki mbili za maisha yangu hazikuwapo. Na mke wangu hakuwapo.

Jirani aliyenifunga kichwa akasema alimwona akitoka na kikapu, kaelekea kwa mama yake, Matemwe. Nikamwuliza kwa nini. Akasema mambo ya watu na wake zao yeye hayaingilii. Jibu hilo lilinimaliza, maana kichwani mwangu kilikuwa kimesalia kitu kimoja tu: sauti yangu mwenyewe, pale juu ya ngazi, inasema, "Nimekuacha."

Nawaambia kweli, ndugu zangu, ingawa ni aibu. Mwanamke yule nilikuwa nimeshamwacha mara mbili, kwa hasira za ujana, na mara mbili nikamrejea. Ya tatu mnaijua. Ya tatu haina kurejea, mpaka aolewe na mwanamme mwengine naye amwache.

Siku nne nilikaa najiuliza. Nilisema, sikusema? Ile sauti ni ya juzi, au ni ya mwaka wa kwanza wa ndoa? Asubuhi nilikuwa na yakini kwamba nimesema. Adhuhuri nilikuwa na yakini kwamba sikusema. Alasiri nilikuwa sijui hata kama hiyo adhuhuri niliiswali. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu kupima ushahidi, sikuwa na wa kupima.

Siku ya tano nikapanda gari la shamba, kwenda Matemwe. Nilimkuta uani anachagua mchele, na mama yake, ambaye hajapata kunipenda, anapiga makumbi ya kusukia kamba. Mke wangu sikumtazama. Ningemtazamaje, na sijui kama bado ni halali yangu? Nikageuzia uso banda la kuku, nikatoa salamu.

"Ingia ndani, bwana," akasema mke wangu. "Mbona unawaamkia kuku?"

Nikamwambia siingii mpaka nijue kama nimemwacha. Akaapa kwamba hapakuwa na talaka. Mama yake alishikwa na homa, sasa kapata nafuu, na mimi mwenyewe ndiye niliyempa ruhusa ya kuja kumuuguza. Nilitaka sana kuamini. Lakini nikajiambia, huyu ananipenda mno. Haya, mmesikia kikohozi. Nikajiambia, huyu ananionea huruma, pengine ananifichia.

Mama mkwe akaweka chini gongo lake.

"We mwalimu," akasema, "ulipomwacha mara ya kwanza, alikuja hapa na sanduku lake. Mara ya pili, na sanduku lake. Safari hii kaja na kikapu. Sanduku liko wapi?"

Lilikuwa chumbani. Siku zote nne nilikuwa nalikalia nikivaa viatu.

"Ungemwacha mwanangu, mimi ningekuwa wa kwanza kufurahi. Hukumwacha. Ingia ule."

Niliingia, nikala, machozi yakitonea sahanini.

Hata leo ile sauti naisikia, wala sijui ni ya lini. Sikupona kwa kukumbuka. Nilipona kwa sababu wengine walikumbuka kwa niaba yangu, na mmoja wao bila ya kupenda. Mama yule tumeshamzika, na nyinyi ndio mliobeba jeneza lake hadi Matemwe. Nakushukuruni. Yeye sikuwahi kumshukuru, nadhani.

Nililojifunza ni dogo. Usiseme kwa hasira neno ambalo siku moja utashindwa kujua kama ulilisema. Mimi tangu siku ile sijalitamka tena nyumbani kwangu, hata mara moja.

Sikilizeni. Hakuna aliyekohoa.