Shantel Ameandika Msinitafute

Kijiwe chetu kiko kwenye kona ya mtaa hapa Kakamega, benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la kusaga mahindi, na mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Mtu akikaa kwangu analiona lango la bluu la Andati seremala, hatua thelathini hivi. Jumanne moja ya likizo ya Aprili, saa nne asubuhi, Andati alikuwa amekaa na kikombe ambacho hajakigusa. Wanjala muuza chaja, tunayemwita Network kwa kuwa hakuna habari isiyomfikia, ndiye aliyemwonyesha. Bintiye Andati, Shantel, wa kidato cha tatu, alikuwa ameweka kwenye status yake ya WhatsApp maneno manne juu ya weusi mtupu: Nimechoka kabisa. Msinitafute tena. Nilisoma nikaogopa, na mimi si mtu wa kuogopa simu.

— Aliandika saa ngapi? aliuliza Osiako. Huyu tunamwita Askofu, ingawa kanisani kwao kazi yake ni kuonyesha watu viti.

— Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Network akasema. Si hii hapa.

— Nimepiga mara nne, Andati akasema. Inalia tu, hashiki.

— Na mama yake? Askofu akauliza.

— Jescah ako matanga Musanda tangu Jumamosi. Simu yake imezima. Huko hakuna stima ya kuchaji.

Askofu alivuta kahawa kwa sauti.

— Mimi ni hiyo rangi inanisumbua. Watoto hawawekangi nyeusi bure. Kuna vikundi huko kwa simu. Unaingia ukicheka, unaambiwa toa picha yako, acha kusalimia watu, halafu siku moja unaandika hivyo. Kulikuwa na msichana huko Kabras, aliacha kusalimia mpaka nyanya yake.

— Akaenda wapi? Network akauliza.

— Hakuna mtu anajua.

Nilimjazia kikombe ili mdomo wake upate kazi nyingine, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

— Kwani Shantel anakusalimianga? Network akamuuliza Andati.

— Ananisalimianga.

— Anasemanga nini?

Andati alitazama lango lake.

— Huwa anapita tu.

— Hebu lete simu nione vile mnaandikianga.

Akaichukua, akaanza kusoma kwa sauti, na hapo ndipo nilipotamani angekuwa hajui kusoma.

— "Mama yako yuko?" "Eeh." "Mwambie nitachelewa." "Sawa." "Mama yako yuko?" "Eeh." Wacha nipande juu. "Mama yako yuko?" Bwana, hii ni tangu Januari.

Mimi nilikumbuka simu yangu na mwanangu Bramwel aliyeko Eldoret, nikaomba asije mtu akaisoma hivyo mbele za watu.

— Sasa nisikizeni, Network akasema, akishusha sauti. Hayo maneno si yake.

— Aje si yake?

— Siku hizi kuna mashine inasoma vile mtoto anaandika. Miezi sita, mwaka. Inajua vile anachekanga, inajua mahali anaweka nukta. Halafu inaandika kama yeye, hata sauti inatoa. Mtoto mwenyewe anaweza kuwa amebebwa kitambo, na huku nyinyi mnajibiwa "eeh" na "sawa" na kitu kiko nchi ingine.

— Lakini anapikanga, Andati akasema. Jana amepika.

— Ulimuona uso?

Andati alikisukuma kando kikombe chake.

— Niliona mgongo. Alikuwa anachota maji.

— Mgongo, Askofu akarudia, utadhani yuko mahakamani.

Najua ni upuuzi. Siku nyingine ningewaambia waninywee kahawa yangu waende. Lakini asubuhi hiyo nilitazama lile lango la bluu, na dirisha la pembeni lenye pazia lililofungwa, nikashindwa kuwafukuza. Askofu alitaka twende polisi. Network alitaka atume picha ya Shantel kwenye kundi la mtaa, akamwomba Andati picha. Andati alitafuta, akapata moja tu, ya siku alipomaliza darasa la nane. Alikuwa na kofia ya karatasi na meno mawili ya mbele makubwa. Network aliitazama akarudisha simu.

— Mulembe.

Alikuwa Musimbi, mama aliyehamia nyumba za nyuma wiki iliyopita. Alinipa thermos nimjazie.

— Mulembe, tukaitikia salamu.

Alisimama akatusikiliza kidogo, maana Askofu hakuwa ameacha kuongea.

— Huyo msichana amelala wapi jana? akauliza.

— Hapo, Andati akasema, akionyesha lile pazia.

— Na umembishia mlango?

Nilimimina kahawa mpaka ikafurika ikanichoma vidole. Kwetu baba haingii chumba cha binti aliyekua, na neno la baba kwa binti hupitia kwa mama. Tumelelewa hivyo sote, ndiyo maana asubuhi nzima tulikuwa tumefika nchi za mbali na hakuna aliyewaza mlango ulio hatua thelathini.

— Hiyo ni kazi ya mama yake, Andati akasema polepole.

— Kubisha si kuingia, mzee wangu. Enda.

Aliinuka. Alitembea, kisha akakimbia, na sisi nyuma yake, kahawa nikaiacha juu ya jiko ikichemka. Mlango wa Shantel aliutengeneza Andati mwenyewe, mbao nzito za mvule, na sasa alisimama mbele yake ameinua ngumi haishuki. Askofu alikuwa ameshika ukuta.

Alibisha mara mbili. Kimya. Niliogopa kiasi cha kutaka kurudi kijiweni.

Akabisha tena.

— Shantel.

Kitanda kililia ndani. Tukasikia nyayo sakafuni, Musimbi akashusha pumzi.

— Ni nani?

— Ni mimi. Baba.

Nyayo zikasimama. Sauti ilipokuja ilikuwa nyembamba, na woga wake ulizidi wetu sote.

— Nani amekufa, mpaka umekuja wewe?

— Hakuna, Andati akasema. Hakuna mtu amekufa.

Akaweka kiganja kwenye mbao. Sisi tulisubiri aongeze neno lisilo la mama yake. Ndani, Shantel naye alikuwa anasubiri.