Ukuta wa Nyuma wa Ghala la Ngozi

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Jimbo. Wazee wa baraza. Masheikh na wachungaji. Mama zetu pamoja na watoto mliowabeba:

MAKARIBISHO

Karibu ndani. Ofisi yako iko hapo juu tu, na gari lako tunaliona likipita kila siku, lakini kupita si kufika. Leo umefika, nasi tunashukuru. Utuwie radhi kwa viti. Vizuri tumeazima msikitini na vibovu ni vyetu.

Sisi ni Chama cha Hisani ya Mama na Mtoto cha hapa Mbeya. Tunajua kilichokuleta. Malalamiko juu yetu yamekufikia, na tumeambiwa kwamba ukishatusikia utasema kama ghala hili tubaki nalo au lifungwe. Kwa hiyo hatutakulisha maneno ya asali. Aliyeshtakiwa hujibu shitaka.

TULIKOTOKA

Hili lilikuwa ghala la ngozi. Mwenye ngozi alihama, akatuachia harufu na mizani iliyoning'inia darini. Hakuna aliyelitaka, hata mbuzi walilikwepa. Aliyelitaka ni Bi Siwema binti Muhidini, muuza vitumbua wa hapo nje.

Watu wa mjini wanamjua. Baba yake alipanda huku kutoka Lindi na majora ya nguo, akaoa, asishuke tena. Siwema amezaliwa katika baridi hii hii ya Mbeya, lakini alilelewa kipwani: shikamoo kwanza, mengine baadaye. Aliolewa, akazaa, akazika. Akazaa tena, akazika tena. Hapendi tuyataje hayo. Tunayataja kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini mwanamke aache vitumbua vyake vikipoa kwenye sinia, ainuke kumfuata mama asiyemjua, kisa amemwona mtoto mgongoni.

"Hebu simama, mama. Huyo mtoto mbona miguu imevimba? Anakula nini?"

"Ndizi."

"Na nini?"

"Na ndizi."

Ndivyo chama kilivyoanza. Aliwakusanya wanawake wa mjini na wake wa wakulima wa milimani, Waislamu kwa Wakristo, wakalisugua ghala hili kwa majivu na kulipaka chokaa mpaka nzi wakahama. Wenzetu wa Kihesa, Iringa, ambao wana chama kama hiki, walipanda lori la viazi wakaja kutufundisha. Walituonyesha namna ya kumning'iniza mtoto ndani ya kanga chini ya mizani, kuchanganya maziwa ya unga kwa maji yaliyochemka, na kutia karanga za kusaga kwenye uji. Serikali ikatukubalia tulitumie ghala, na hospitali ikatugawia maziwa. Mshahara hatuna, na hatujauomba.

YANAYOSEMWA JUU YETU

Limesemwa kwamba tunapima watoto kwa mizani ya ngozi. Ni kweli. Tuliisugua kwa mchanga na maji ya moto, na mizani haikumbuki ilichobeba jana.

Limesemwa kwamba maziwa ya unga yanatokana na nguruwe. Ni uongo. Sheikh alikunywa kikombe hapa hapa mbele ya watu, akauliza kama kipo kingine.

Limesemwa kwamba wamo wanaume, na mwanamume ana nini na mambo ya uzazi? Tumo. Tunachota maji, tunapasua kuni, tunasoma risala. Anayeona aibu kwa niaba yetu na aje atupokee ndoo.

Na limesemwa kwamba tulimvunjia heshima mzee Isakwisa na mke wa mwanawe mbele ya soko zima. Hilo ni kweli, na ndilo lililokuleta. Tutalieleza lote.

SIKU YA SHIKAMOO

Sekela ni binti wa Kinyakyusa, ameolewa na mtoto wa mzee Isakwisa, wakulima wa njia ya Uyole. Asubuhi moja ya manyunyu alimleta mwanawe hapa. Mtoto alikuwa amevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu, na hakuwa na nguvu hata ya kulia. Akapimwa, akapewa uji na maziwa. Sekela alipoulizwa jina la mzee wa nyumba alinyamaza. Bi Siwema akadhani binti halijui.

Wakiwa humu ndani, mvua ikakatika. Mgeni rasmi, jua la Mbeya likitoka baada ya manyunyu, wazee wote wa mji huu wanajua pa kulipata: ni hapo barazani, mbele ya mlango wetu. Wakaja wakajipanga kuota jua, na mzee Isakwisa kati yao na koti lake refu.

Sekela akamaliza shughuli yake lakini hakutoka. Akajibanza nyuma ya magunia ya maharage na mtoto kifuani. Bi Siwema akamfuata.

"Unamkimbia nani, mwanangu? Una deni?"

Mama mmoja wa mjini akachungulia nje, akasema, "Yule mwenye koti ni baba mkwe wake."

"Baba mkwe!" Bi Siwema akashika kiuno. "Baba mkwe yuko hapo, na wewe umejificha humu kama panya? Hata kumwamkia?"

"Mama, niache."

"Sikuachi. Kwetu mkwe hutoka, akapiga goti, akatoa shikamoo yake. Watasema chama kinawafundisha utovu wa adabu. Twende, nitakushika mkono."

"Mama, nakuomba. Siwezi."

"Utaweza. Shikamoo haijaua mtu."

Wenzetu wanaoijua mila ya Wanyakyusa walikuwa mtoni wakichota maji. Hapakuwa na wa kumzuia. Akamshika Sekela kifundo cha mkono, akamtoa nje, akamsimamisha mbele ya baba mkwe wake, uso kwa uso.

Sekela alianguka chini kama aliyekatwa miguu, akajifunika kanga yeye na mtoto. Mzee Isakwisa naye aliruka, akajivika koti kichwani, akakimbia asione mbele, akapita juu ya nyanya za watu. Soko likacheka. Bi Siwema akabaki amesimama, mkono bado umeshika hewa, akauliza, "Shikamoo gani hii?"

Kwa asiyejua, tueleze. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Hawapishani njia moja, na hata jina la mzee mke huyo halitamki. Hawachukiani. Hiyo ndiyo heshima yao, na hakuna iliyo juu yake. Kwa hiyo Bi Siwema, kwa adabu ya kwao, alikuwa ameivunja adabu ya wenzake mahali inapouma kuliko pote.

Kicheko hakikufika jioni. Wake wa milimani waliacha kuja. Mizani ikaning'inia tupu. Wakatokea wa kusema kwamba wanawake wenye asili ya pwani wamekuja kuvunja ndoa za watu, na wazee wa baraza wakataka ghala lifungwe. Kilichomchoma Bi Siwema si hayo. Sekela alikuwa amefungiwa nyumbani, maziwa hayamfikii, na huko walikuwa wakisema kwamba mtoto amedhoofu kwa sababu ya aibu ile, basi dawa haitamfaa.

Tulimwambia angoje watu wapoe. Hakungoja. Alifunika vitumbua kwa kawa, akajitwika sinia, akaifuata njia ya Uyole kwa miguu. Alimkuta Mama Atuganile, mke wa mzee Isakwisa, akipalilia.

"Wewe ndiye uliyemvuta mkwe wetu kama mbuzi wa mnada?"

"Ni mimi, mama. Nilidhani namfundisha adabu."

"Adabu! Ulimtembeza uchi sokoni."

"Basi nifundishe mimi."

Mama Atuganile akamtazama, akachukua kitumbua, akala. Halafu akazunguka nyuma ya nyumba kwa mumewe. Sauti ya mzee ikasikika kutoka huko: "Mwulize, aibu aliyoileta ataibeba?"

"Nitaibeba," akajibu Bi Siwema, kwa sauti ya muuzaji wa sokoni.

"Basi na awe mkwe wangu. Kuanzia leo asinione, nisimwone. Na mtoto apelekewe hayo maziwa."

TULIYOYAPATA

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, mwanamke mwenye mvi zake, asiye Mnyakyusa wala jirani yao, anamkwepa mzee Isakwisa katika mji mdogo kama huu. Amejirusha mferejini. Amejificha nyuma ya ng'ombe wa watu. Siku moja aliingia buchani akasimama katikati ya mapaja ya nyama mpaka mzee akapita, na mwenye bucha akamwuliza, "Dada, nikukatie kilo ngapi?"

Mwanzoni watu walicheka. Sasa wanaume wakimwona mzee anakuja, wao wenyewe humwita, "Bi Siwema, mkwe wako huyo!" naye huondoka njiani.

Mzee naye yamempata. Vitumbua vya Siwema ndivyo vilivyokuwa kifungua kinywa chake, na hawezi tena kuvinunua kwa mkono wake. Tumemsikia barazani akinung'unika, "Adhabu niliyompa imenirudia tumboni." Tukamwambia, basi mwondolee. Akatujibu, "Anaibeba mila yetu kuliko waliozaliwa nayo. Nikimwondolea, mimi ndiye nitakayekuwa nimemvunjia heshima."

Bi Siwema alipanda njia ya Uyole na maziwa yake, akichagua nyakati mzee yuko shambani, mpaka mtoto wa Sekela akapona. Uvimbe umekwisha, nywele zimerudi nyeusi, na ameota meno. Anayedhani tunatia chumvi na ampe kidole. Wake wa milimani nao wamerudi. Wanamwita Bi Siwema mwenzao. Hatujapata sifa nyingine, na hiyo inatutosha.

YANAYOTUKWAZA

Ghala hili lina mlango mmoja, na mlango huo unafunguka usoni pa wazee. Kuwafukuza wazee hatuwezi, wala hatutaki. Jua ni lao, na mji huu ni wao kabla haujawa wetu. Lakini wazee hao ni baba wakwe wa nusu ya mlima. Mke anafika na mtoto anayechemka, anachungulia kona ya soko, anaona koti analolijua, anageuka.

Yupo mmoja aliyegeuka hivyo katika msimu wa baridi uliopita. Alirudi kwao na mtoto wake mgongoni, na mtoto huyo wamemzika. Baba mkwe wake hatumlaumu. Alikuwa akiota jua, hakujua kama kuna mtu. Mama naye hatumlaumu. Sisi wenyewe tulikuwa humu ndani na maziwa yamekwisha kuchanganywa.

Bi Siwema ndiye aliyelitambua jambo hili, kwa sababu amelipitia kwa mwili wake. "Mpaka nilipojificha mimi," alituambia, "ndipo nikajua kwamba pa kupita hapapo." Akalizunguka ghala akipapasa kuta kama mnunuzi. Nyuma kuna kijia kinachotoka mtoni, katikati ya mikaratusi, na barazani hakionekani. Kinachokosekana ni mlango.

TUNACHOOMBA

Hatuombi fedha. Mbao tunazo, mafundi ni wanachama wetu. Tunaomba ruhusa ya kuutoboa ukuta wa nyuma. Nyumba ni ya Serikali, na kila tuliyemwuliza alisema hawezi kuruhusu jambo hilo bila neno lako, akatutuma kwa mwingine, na huyo mwingine akaturudisha kwa wa kwanza.

Na kama umekuja kulifunga ghala, tunaomba ulitamke leo, mbele ya mama hawa, wasije wakatembea bure na watoto wagonjwa. Tutasikitika, lakini tutakuheshimu kwa kutuambia ana kwa ana.

Limebaki moja. Ulipotupa taarifa ya kuja, ulisema ungependa kumpa mkono huyo Siwema anayesemwa. Tumekuona ukiwatazama wanawake mmoja mmoja. Kwenye viti hayupo. Mzee Isakwisa ametuheshimu kwa kuja, ameketi hapo kushoto kwako, kwa hiyo Siwema hawezi kuwa humu. Yuko nje, nyuma ya ukuta ulio mgongoni pako, amesimama kwenye matope na Sekela na wake wengine wa milimani waliobeba watoto. Ukuta wenyewe ni wa matofali mabichi. Kila tulilosema wamelisikia.

Ukitaka kwenda kumwona, tutakutangulia. Itabidi utoke kwa mlango ule, ulizunguke soko lote, upite machinjioni, uvuke mtaro. Lakini fundi Eliezeri amesimama hapo na nyundo yake, anasema ipo njia fupi. Anangoja neno lako.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, ailinde nyumba yako, na awape uhai watoto walio upande huu wa ukuta na walio upande ule.

Ni sisi,
Chama cha Hisani ya Mama na Mtoto, Mbeya
Imesomwa na Halfani Muharami, mchota maji wa chama