Simu ya Tano

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fundi simu, mkabala na geti la kiwanda cha nguo. Hapo tunakunywa kahawa na kubishana mpaka honi ya saa nane. Siku hiyo hata mzaha ulikuwa haushuki. Asubuhi meneja alimwita Bi Vifungo, mshona vifungo, akamsomea neno kwa neno ujumbe ambao Bi Vifungo alituandikia kwenye simu kuhusu mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo. Amepewa mpaka Jumamosi awataje wenzake. Wenzake ndio sisi: mimi mpiga pasi, Mlinzi, na Fundi aliyetuwekea simuni mtambo wa kutumiana ujumbe bila kufuli ya kuficha maneno.

— Leo tunachagua kufuli, Fundi alisema. Ya kwanza ina ufunguo uleule siku zote. Ukiibwa, hata maneno ya mwaka jana yanasomwa.

— Hiyo weka kando, nikasema.

— Ya pili, ufunguo unabadilika, lakini wote lazima muwe hewani.

— Nikiwa lindoni nazima simu, Mlinzi akasema. Na mnajisumbua bure. Meneja anayanyonya maneno kwa ile chaja ya ofisini.

— Chaja haina masikio, kaka, Fundi akamwambia.

— Basi ni taa. Mbona zile mpya zinapepesa nikipita?

— Nina watoto wanne, nyie mnaniletea habari za taa, Bi Vifungo alisema. Ya tatu?

— Ya tatu inafunga ujumbe kwa kila simu iliyosajiliwa humu, hata ikiwa imezimwa. Ufunguo mpya kila mara.

— Weka hiyo, Bi Vifungo akasema.

Fundi akaweka. Kwenye simu zetu likatokea swali kama tunaziamini simu zote zilizomo kwenye orodha. Tukabonyeza ndiyo, kila mtu na simu yake, hakuna aliyeisoma orodha. Bi Vifungo akaijaribu papo hapo: akatutumia majina ya mashahidi sita watakaokwenda kwa mkaguzi wa viwanda kuhusu ule mlango. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akagusa kahawa yake.

Ndipo akaja mkata vitambaa mpya, wiki yake ya pili kazini, akitaka naye aingizwe. Bi Vifungo akampa simu aone ilivyo. Akaipitia orodha taratibu.

— Mko wanne, alisema. Humu simu ni tano. Hii nyingine iliyo chini ya jina lako, dada, ni ya nani?

Pembeni ya simu hiyo ya tano paliandikwa kwamba ujumbe wa mwisho, ule wa majina sita, umefika.

Honi ikalia. Hakuna aliyeinuka.