Mama Nyuzi Ang'oa Pini Yake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni Mama Nyuzi anastaafu, baada ya kuitumikia maabara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alilipata alipofika na furushi la sufu na kuuteka ukuta wa korido: kila pini ikawa jeni au molekuli, kila uzi ukaunganisha zile zinazofanya kazi pamoja. Mkurugenzi wa wakati huo alimuuliza kama amekuja kutafiti au kufuma sweta. Akajibu kwamba sweta ingekwisha mapema zaidi.

Kompyuta zilipokuja, nyuzi zikawa mistari kwenye skrini, lakini kwake jeni ziliendelea kuwa na wakwe, mashemeji na majirani wambeya. Tuliposhangilia protini iliyoonekana kuungana na kila kitu, hata tukaagiza soda, yeye alinuna. Alisema huyo ni mgeni wa harusi asiyejulikana na bibi wala bwana harusi. Jaribio likarudiwa, kumbe protini ile ni ya kunata tu, inaganda hata kwenye plastiki ya kichupa. Soda tulizinywa kimya kimya.

Mwaka jana alirudi kwenye sufu, akatuchora sisi wenyewe: pini kwa kila mfanyakazi, uzi kati ya wanaosaidiana. Kisha akaing'oa pini yake, kama afanyavyo kwa jeni ili aone mtandao utastahimili au la. Tukakatika vipande viwili: chini watu wa sampuli, juu watu wa kompyuta, katikati hakuna hata uzi mmoja. Siku hiyo hakumtania mtu, tukaogopa.

Wiki iliyofuata birika la umeme la ghorofa ya juu likafa. Likatengenezwa, likafa tena. Watu wa kompyuta wakawa wanashuka kuomba maji ya moto, wakipokewa kwa kejeli: "Wakwe hao, ficheni sukari!" Penye chai pakazuka maswali, kisha ubishi, kisha kazi. Ripoti ya mwezi uliopita waliiandika pamoja bila kumshirikisha Mama Nyuzi. Alilalamika huku meno yote yako nje.

Jumatatu, tukimsaidia kufungasha, fundi umeme aliyekuwa akilitengeneza birika alikuta fyuzi zake ndani ya kopo la pini la Mama Nyuzi. Hakuomba radhi. Alituongoza hadi ukutani, akaing'oa tena pini yake. Nyuzi zake zikadondoka, mtandao haukukatika.

Asante, Mama Nyuzi. Nenda kapumzike, kamalizie ile sweta, na maisha yakuendee vyema. Fyuzi tumezitunza, ila birika la juu tumekubaliana libaki bovu.